Mtu ni Watu: Kujikubali Hakufanywi Peke Yako

Mazungumzo haya yalitolewa kwa wanachama wa klabu za afya za shule za sekondari. Tumeyachapa ili na wewe ambaye hukuwepo uyasome.



Najua mwelimishaji wa afya akisimama hapa mbele, wengi wenu mnajua tayari atakachosema: kaswende, kisonono, Ukimwi, subiri, jihadhari. Hayo tutayarudia siku nyingine, maana ni ya kweli. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalotangulia hayo yote. Mtu anayejichukia hajilindi. Unaweza kumpa vijitabu vyote vya dunia, atavisoma na kuviweka chini ya godoro, kisha afanye mambo ya kujiumiza, kwa sababu ndani yake anaamini kwamba yeye hafai kulindwa.

Kila shule ninayotembelea huwa naacha sanduku la maswali. Hakuna kuandika jina. Mengi ni maswali ya kawaida, ya hedhi, ya chunusi, ya ndoto za usiku. Lakini kila mara kuna vikaratasi vilivyokunjwa mara nne, mara tano, mpaka vimekuwa vidogo kama punje ya mahindi. Ndani yake kuna msichana anayejiuliza mbona wenzake wanaongea kuhusu wavulana usiku kucha na yeye hasikii chochote. Kuna mvulana anayechekwa kwa sababu ya sauti yake na mwendo wake. Kuna anayempenda mwenzake wa jinsia yake, na anauliza kama amelaaniwa. Kuna anayehisi kwamba watu wanamwita mvulana, au msichana, na neno hilo halimkai vizuri.

Maneno ni tofauti, lakini swali ni moja: je, mimi niko sawa?

Ujinsia ni nini hasa?

Watu wengi wakisikia neno "ujinsia" wanafikiria kitendo cha kulala pamoja. Hapana. Ujinsia ni jinsi unavyouona mwili wako, unavyojijua kama msichana au mvulana au vinginevyo, mtu anayeugusa moyo wako, na namna unavyopenda kupendwa. Hata mtu ambaye hajawahi kufanya mapenzi ana ujinsia. Padri anao. Bibi yako anao. Wewe unao tangu ulipozaliwa, na wakati wa kubalehe unaamka na kuanza kupiga kelele.

Katika umri wenu hisia hubadilika. Kuna anayevutiwa na mtu wa jinsia yake kwa muda, halafu hali ile ikapita. Kuna ambaye haipiti, kwa sababu ndivyo alivyo. Hakuna mtihani wa damu wa kukuambia wewe ni yupi, wala hakuna haraka ya kujipa jina. Jina likija, litakuja kwa wakati wake. Lisipokuja, wewe bado ni mtu kamili.

Je, ni ugonjwa?

Swali hili naulizwa sana, kwa hiyo nalijibu wazi. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Mwaka 2019 shirika hilohilo lilipitisha orodha mpya ambayo haiwaweki tena katika fungu la magonjwa ya akili watu ambao utambulisho wao wa kijinsia ni tofauti na ule waliopewa walipozaliwa. Kwa hiyo mtu akikuahidi dawa, sindano, au kupigwa ili "upone", huyo hatibu ugonjwa wowote. Anakuumiza tu.

Kinachougulisha ni aibu ya siri. Aibu hiyo ina dalili zake, nami nimeziona: kijana hali vizuri, hapati usingizi, alama zinashuka, anajitenga na wenzake. Mwingine anaanza pombe. Mwingine anaogopa kwenda kliniki hata akiwa na maumivu, kwa kuwa hataki kuulizwa maswali. Mwingine anatafuta faraja kwa mtu mzima asiyemjua, na mtu huyo anamtumia vibaya halafu anamtisha kwamba atatoa siri. Na kuna wanaofika mahali pa kutaka kujiua.

Aibu inapenda upweke kama ukungu unavyopenda kabati lisilofunguliwa. Basi tunalifunguaje kabati bila kuhatarisha maisha ya mtu? Nitawapeleka Afrika Kusini kidogo. Nimechagua huko kwa sababu watu wa huko walipita njia ngumu, na walituachia picha, michoro na maandishi tunayoweza kujifunza kwayo. Baadaye tutarudi nyumbani.

Mifuko ya karatasi

Simon Nkoli alizaliwa Soweto mwaka 1957. Tangu ujana wake alipigana na ubaguzi wa rangi, na mwaka 1984 alikamatwa pamoja na wenzake wakashtakiwa kwa uhaini. Hukumu ya kosa hilo ingeweza kuwa kifo. Gerezani aliwaambia wenzake kwamba yeye anapenda wanaume. Fikiria mwenyewe: mko ndani pamoja, maisha yenu yako hatarini pamoja, na sasa hilo. Wengine walikasirika, wakaona ataichafua kesi yao. Wakabishana sana. Lakini waliendelea kukaa naye, kula naye, kuzungumza naye, na mwisho walibaki kuwa kesi moja. Mwaka 1988 aliachiliwa huru. Mwaka huohuo yeye na wenzake, akiwemo msichana wa Soweto aitwaye Beverley Ditsie, walianzisha chama cha watu weusi na weupe pamoja, kilichoitwa GLOW.

Tarehe 13 Oktoba 1990 chama hicho kiliandaa maandamano mjini Johannesburg. Walikuja watu wapatao 800. Wengi walitaka kuja lakini waliogopa kufukuzwa kazi, au kuonekana na wazazi wao gazetini. Waandaaji wakapata dawa: walileta mifuko ya karatasi ya kahawia, ile ya dukani. Ukitoboa matundu mawili ya macho, unaivaa kichwani na unaandamana.

Tafadhali msicheke. Mimi nadhani ile mifuko ilikuwa kazi ya busara sana. Ilimwambia mwoga: hatukulazimishi kuonyesha uso wako, lakini hatukuachi nyuma pia. Aliyevaa mfuko alitembea bega kwa bega na asiyevaa, akasikia nyimbo zilezile, na akarudi nyumbani akijua kwamba hayuko peke yake.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kuchukua leo. Kujikubali si lazima kuanze kwa kujitangaza. Unaweza kuwa bado na mfuko kichwani na ukawa tayari katika safari. Kibaya ni kutembea peke yako.

Ramani ya mwili

Nkoli aliishi na virusi vya Ukimwi, na alisema hivyo hadharani wakati ambapo wengi hawakuthubutu. Alifariki tarehe 30 Novemba 1998. Siku kumi baadaye, huko Cape Town, wanaharakati waliokuwa wakimlilia walianzisha kampeni ya kudai dawa za kupunguza makali ya virusi. Mlikwisha kuiona fulana nyeupe iliyoandikwa kifuani kwa herufi kubwa kwamba mvaaji ana virusi? Ilitoka kwao. Waliivaa wenye virusi na wasio na virusi, mpaka mtazamaji hakujua nani ni nani. Neno ambalo watu walilitumia kuwafedhehesha, wakalifanya kuwa vazi la wote.

Karibu na hapo, katika mtaa wa mabanda wa Khayelitsha, mwaka 2002 kikundi cha wanawake waliokuwa wakiishi na virusi walikutana kuchora miili yao. Sikilizeni walivyofanya, maana nanyi mtaweza. Mmoja alilala juu ya karatasi kubwa yenye urefu wa mtu. Mwenzake akapitisha kalamu pembezoni mwa mwili wake, kichwa, mabega, mikono, hadi miguu. Kisha kila mmoja akapaka rangi mwili wake: makovu yake, mahali panapouma, mahali anapopata nguvu. Na nyuma ya umbo lake kukachorwa umbo la pili, kama kivuli, la mwenzake anayemshikilia.

Michoro hiyo inaitwa ramani za mwili. Ilitoka kwenye kitabu mwaka 2003, na mbinu hiyo imetumiwa tangu hapo katika nchi nyingi na watu wenye mizigo mbalimbali ya moyo. Kwa nini inasaidia? Kwa sababu mwili ulioufanya kuwa adui, sasa unaushughulikia kwa mikono yako mwenyewe, polepole, kwa rangi. Huwezi kupaka rangi goti lako kwa saa nzima ukaendelea kulichukia vilevile. Na kile kivuli cha nyuma kinakulazimisha kujibu swali: nani yuko nyuma yangu?

Sura mbele ya kamera

Mtu wa tatu ni Zanele Muholi. Alizaliwa mwaka 1972 katika mtaa wa Umlazi, karibu na Durban. Mama yake, Bester, alifanya kazi za nyumbani kwa familia ya Wazungu kwa miaka mingi sana. Muholi alisomea upigaji picha Johannesburg, na mwaka 2004 akafanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake.

Wakati huo Afrika Kusini ilikwisha kuwa na katiba ya mwaka 1996 inayokataza kumbagua mtu kwa sababu ya anayempenda. Lakini karatasi haitembei na mtu usiku. Mwezi Aprili 2008 Eudy Simelane, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya soka ya wanawake, aliuawa kikatili katika mtaa wake wa KwaThema. Alijulikana kwa uwazi kwamba anapenda wanawake. Wengine wengi walibakwa na watu waliojidai kwamba wanawarekebisha. Magazeti yalizoea kuwaonyesha watu hao wakiwa maiti, au wakiwa kichekesho.

Muholi akaamua kupiga picha nyingine. Kuanzia mwaka 2006 alipiga picha za wanawake weusi wanaopenda wanawake, na za watu waliobadili jinsia, mmoja baada ya mwingine. Wengi wanaangalia moja kwa moja kwenye kamera. Hawajificha, hawatabasamu kwa kulazimishwa, hawaombi radhi. Ukisimama mbele ya picha hizo, unahisi ni wao wanaokutazama wewe. Sasa zimezidi 500.

Mmoja wa watu wa kwanza kupigwa picha alikuwa Busi Sigasa, mshairi, aliyeishi na virusi vya Ukimwi baada ya kubakwa. Alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 25 tu. Picha yake na maandishi yake yamebaki. Angekufa bila hivyo, wangapi leo tungemjua?

Kuna mambo mawili ninayoyapenda katika kazi hii. La kwanza, Muholi anawaita watu hao "washiriki". Hawaibiwi sura zao; wanaitoa kwa hiari, na wanajua inaenda wapi. La pili, aliwafundisha vijana kushika kamera wenyewe. Mwaka 2009 alianzisha jukwaa la habari na picha kwa jina la Inkanyiso, neno la Kizulu lenye maana ya mwanga.

Haikuwa rahisi. Mwaka 2009 waziri wa utamaduni aliondoka kwenye maonyesho yenye picha zake, akisema ni uchafu. Mwaka 2012 wezi waliingia nyumbani kwake wakachukua diski zenye kazi ya miaka. Akaanza tena. Tena akajigeuzia kamera mwenyewe: kuna picha aliyojipiga mwaka 2015 akiwa amejipamba kichwani kwa vibanio vya nguo, vile vya kuanikia, kwa heshima ya mama yake aliyefua nguo za watu. Mwaka 2020 picha zake zilijaza kumbi za jumba kubwa la sanaa la Tate Modern, London.

Wazulu wana usemi usemao kwamba mtu ni mtu kwa sababu ya watu. Na sisi tunasema kwa kifupi zaidi: mtu ni watu. Lugha zetu ni ndugu, si ndiyo? Watu hawa watatu hawakukaa gizani wakifikiri mpaka wakajikubali. Walitengeneza kitu, wakakiweka mbele ya wenzao, na wenzao wakasema: tunakuona.

Na hapa kwetu?

Sasa turudi nyumbani. Kuna mwandishi wa Nakuru, Binyavanga Wainaina. Mwaka 2002 alipata tuzo ya Caine, na baada yake akaanzisha pamoja na wenzake jarida la Kwani?, ambalo lilifungulia mlango waandishi vijana wengi. Mwezi Januari 2014 alichapisha maandishi ambamo anamwambia mama yake kwamba anapenda wanaume. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki mwaka 2000. Yaani aliandika mazungumzo ambayo hakuwahi kuyapata. Desemba 2016, Siku ya Ukimwi Duniani, alisema pia kwamba anaishi na virusi. Alifariki Mei 2019. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane, lakini tambua njia aliyotumia: kalamu, na kundi la waandishi lililomzunguka kwa miaka.

Siwezi kuwadanganya kwamba Kenya ni sawa na Afrika Kusini. Siku tatu baada ya kifo cha Wainaina, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vya sheria ya jinai, vilivyoletwa na Waingereza wakati wa ukoloni, vinavyoadhibu vitendo vya mapenzi ya jinsia moja. Sheria hiyo inahusu vitendo. Kuhisi si kosa. Kuuliza si kosa. Kuandika shairi kuhusu moyo wako si kosa, na kwenda hospitali kutibiwa ni haki yako kama ya mwingine yeyote. Hata hivyo, jamii ina sheria zake zisizoandikwa, na kijana anaweza kupigwa, kutolewa shuleni au kufukuzwa nyumbani. Kwa hiyo nasema tena: mfuko wa karatasi si dhambi.

Kuna atakayeuliza, na dini je? Mimi si sheikh wala mchungaji, sitajitia huko. Najua hili tu: mwenye imani anaweza kubaki na imani yake yote na bado asimpige mwenzake, asimtukane, wala asimfungie mlango.

Tena tuchunge ndimi zetu. Pwani, mwanamke akimwita mwenzake "shoga yangu", anamaanisha rafiki wa kufa na kuzikana. Neno lilelile huku bweni limekuwa jiwe la kumpigia mtu. Neno halina kosa. Mkono unaolirusha ndio wenye kosa. Na lugha yetu imetupa zawadi ambayo wengine hawana: tukisema "yeye", hatuulizi kwanza kama ni mwanamume au mwanamke. Tunaona mtu kwanza. Basi tuishi kama tunavyosema.

Anza na ulicho nacho

Huna kamera ya bei, najua. Hizi hapa njia ambazo hazihitaji pesa:

1. Barua isiyotumwa. Mwandikie mtu unayetamani akuelewe. Sema yote. Ukimaliza, amua: kuihifadhi, kuichana au kuichoma. Kuandika peke yake kunapunguza uzito.

2. Ramani ya mwili. Bandika pamoja kurasa za magazeti ya zamani mpaka zifikie urefu wako. Mwombe rafiki unayemwamini akuchoree pembezoni. Tumia mkaa, udongo mwekundu, majani, chochote chenye rangi. Usisahau umbo la nyuma.

3. Igizo. Klabu ya drama ina faida kubwa: unaweza kusema maneno mazito kwa mdomo wa mhusika, na hakuna anayeweza kukuuliza kama ni yako.

4. Kwaya, ngoma, ushairi, kusuka, kushona. Usidharau kazi ya mikono. Watu wakifanya kazi pamoja wanazungumza bila kutazamana usoni, na hapo ndipo maneno magumu hutoka.

Angalizo moja. Kazi yako ya siri usiipige picha kwa simu ukaituma. Kilichotumwa hakirudi. Ukiwa shule ya bweni, fikiri pia daftari lako linakaa wapi.

Nimwambie nani?

Kabla ya kumwambia mtu, mjaribu kwa jambo dogo. Mwambie siri ndogo, halafu subiri wiki mbili. Je, imezunguka? Msikilize anavyowasema wengine ambao hawapo. Anayewacheka wao atakucheka wewe. Jiulize pia: akikasirika, nitalala wapi? Nani atalipa karo? Kama majibu yanakutisha, subiri. Kusubiri si uwongo. Mtu mmoja salama anatosha kuanzia: shangazi, kaka mkubwa, mwalimu mshauri mwenye kifua, muuguzi wa kliniki.

Na usisahau: mtu mzima anayesema anakuelewa, halafu anataka mwili wako kama malipo, huyo hakuelewi. Anakuwinda. Kimbia, na umwambie mtu.

Rafiki yako akikwambia

Labda wewe hapo unasema, hayo si yangu. Sawa. Lakini kuna siku mwenzako atakukalisha kando, sauti ikitetemeka. Ufanyeje?

Msikilize mpaka amalize. Mshukuru kwa kukuamini. Muulize nani mwingine anajua, ili usije ukatoboa siri bila kukusudia. Usimhubirie, usimpeleke kwa mganga, usimtafutie mchumba. Usidhani anakutaka wewe. Mara nyingi anachotaka ni sikio. Wengine wakianza kumdhihaki bwenini, badilisha maneno, au kaa karibu naye tu wakati wa chakula. Akisema anataka kufa, hiyo si siri tena ya kuhifadhi. Usimwache peke yake, na tafuta mtu mzima unayemwamini saa ileile.

Simu namba 116 ni ya kusaidia watoto na vijana, na kuipiga ni bure. Mtu akibakwa, awe msichana au mvulana, afike hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Asioge kwanza, na nguo alizovaa azibebe. Kosa si lake, hata kama aliyefanya anadai alikuwa anamfundisha adabu.

Nimalizie kwa kazi ya nyumbani, maana ninyi ni wanafunzi na mimi nimepewa muda wenu. Wiki hii tengeneza kitu kimoja kinachosema wewe ni nani. Mistari minne inatosha, au mchoro wa mkono wako. Ukiweza, mwonyeshe mtu mmoja uliyemjaribu ukamwona ni salama. Na mwenzako akikuonyesha chake, kitazame vizuri kabla hujafungua mdomo, kisha mwambie: nimekuona. Ukitaka, tuletee sisi hapa kwenye jarida. Hatutataja jina lako.

Sasa maswali. Hata yale yaliyokunjwa mara tano.